Niliacha Kuita kwa Kelele, Nikamsahau Mgonjwa Kitini

Juzi msomaji mmoja, daktari wa meno mwenzangu, ameniandikia: "Wiki ya tatu hii tangu tuweke programu ya kuitana na kutumiana ujumbe humu ndani. Nimelipa, nimefundisha watu, na bado wanaitana kwa kelele koridoni. Nimekosea wapi?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Hayo yote yalinipata mimi, ila mimi nilimwumiza mtu kabla sijajifunza.

Nianze na hizo kelele. Kliniki yetu ina viti vitatu. Kabla ya programu, msaidizi alikuwa anasimama mlangoni na kutangaza: "Daktari, yule wa jipu la fizi amefika!" Mwenye jipu lake yuko palepale mapokezi, ameshika shavu, na watu wote wamegeuka kumtazama. Mimi nami sijasikia, kwa sababu mashine ya kuchonga jino inalia sikioni na ya kufyonza mate inanguruma pembeni. Basi anarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nikaamua tununue programu. Kompyuta kila chumba, moja mapokezi, moja chumba cha kusafishia vifaa. Ukibonyeza kitufe, ujumbe unatokea kwenye skrini za wote au za uliyemchagua, na mlio unasikika. Nilikesha siku mbili kuipanga. Niliweka vitufe thelathini na viwili, kila kimoja na rangi yake na mlio wake. Kulikuwa na kitufe cha "mgonjwa amefika", cha "mgonjwa amefika ila amechelewa", hadi cha "chai tayari". Nilijiona fundi kwelikweli. Daktari mwenzangu alisimama nyuma yangu, akatazama ile rangirangi, akasema, "Hapa ni kliniki au stendi ya mabasi?" Watu wakacheka. Neno lile sijalisahau mpaka leo, nakiri.

Siku ya tatu kila mtu alikuwa amezima sauti ya kompyuta yake. Sikuwalaumu, maana milio ilikuwa kama harusi mbili kwenye uwanja mmoja.

Sasa ndilo lenyewe. Nilimchoma mgonjwa wa kiti cha pili sindano ya ganzi, gego la chini, la kung'oa. Nikamwambia, "Tulia kidogo ishike, narudi." Nikaingia kiti cha kwanza kuendelea na kusafisha mizizi ya jino la mtu mwingine. Msaidizi wangu akabonyeza kitufe: "Kiti 2, ganzi imeshika." Kwake skrini ikaonyesha ujumbe umetumwa, akaenda zake kuosha vifaa, kazi yake imekwisha. Kwangu ujumbe ulitokea kwenye kona ya chini, ukakaa sekunde kumi, ukapotea. Na hata hizo sekunde kumi ulikuwa umefunikwa na picha ya eksirei niliyoitanua skrini nzima, maana ukisafisha mizizi macho yako yako pale.

Nilirudi kiti cha pili baada ya saa moja na zaidi. Madaktari wenzangu mnajua: ganzi ya kawaida iliyochanganywa na adrenalini hulilaza jino lenyewe kwa kama saa hivi, lakini mdomo na ulimi hubaki vizito kwa saa kadhaa. Kwa hiyo nilimgusa mdomo, akasema mzito. Nikaridhika. Nilipoanza kulitikisa gego, alinishika mkono. Hakupiga kelele. Alinishika tu mkono na machozi yakamtoka pembeni. Nikamchoma tena, tukamaliza. Akiwa anavaa viatu akaniambia, "Daktari, ulinisahau." Hajarudi.

Nilianza kwa kumlaumu msaidizi, nikamwambia angekuja kunigusa bega. Akanijibu kwa upole, "Daktari, ulituambia tuache kuja mlangoni."

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, ulipokosea ni hapo tu: umewapa watu mahali pa kutuma, hujawapa uhakika kwamba wamesikika. Mtu akipiga kelele anakuona unageuka. Akituma ujumbe haoni kitu. Ndiyo maana wanarudi koridoni, na wana haki.

Sisi tulivifuta vile vitufe vyote, tukabakiza sita. Mgonjwa amefika. Ganzi imeshika. Njoo uangalie. Naomba msaidizi. Vifaa tayari. Na cha dharura, chenye mlio wake peke yake, kinacholia kompyuta zote na hakizimiki mpaka mtu abonyeze. Cha chai kilikufa, na chai tunakunywa vilevile. Kisha nikaingia kwenye mipangilio (ambayo nilipaswa kuisoma kabla ya kuchezea rangi!) nikafanya ujumbe ukae juu ya madirisha yote, picha ya eksirei ikiwemo, usiondoke mpaka ujibiwe. Usipojibiwa kwa dakika mbili, unakwenda kwa mtu wa pili.

Lakini nani atajibu na glovu zina damu? Swali zuri, na sisi lilitusumbua. Tukakubaliana daktari hagusi kitu. Msaidizi aliyeko naye kitini ndiye anabonyeza, kwa kalamu yenye kifuniko cha plastiki tunachobadilisha kila mgonjwa, na kibodi nayo ina nailoni yake. Ukiona daktari anavua glovu kila dakika ili asome meseji, hapo programu imekuwa mzigo.

Na majina ya wagonjwa? Usiyaandike. Mgonjwa aliyelala kitini anaisoma skrini kuliko wewe, hana kazi nyingine. Andika namba ya kiti, basi. Kuna kliniki zinajidanganya kwamba kundi la WhatsApp linatosha, picha za meno ya watu zimelala kwenye simu za wafanyakazi, simu zinakwenda nazo nyumbani, mtoto anazifungua kutafuta michezo. Jamani, tumekula kiapo! Programu nzuri ya humu ndani hufanya kazi kwenye mtandao wa jengo lenu tu, hata intaneti ikikatika mnaitana kama kawaida.

Halafu nikwambie usilopenda kusikia. Wa kwanza kuvunja utaratibu kwetu alikuwa mimi. Nilikuwa nabonyeza, na sekunde tano baadaye naita kwa mdomo. Wafanyakazi hawafuati mafunzo uliyowapa, wanafuata mdomo wako. Funga mdomo wiki moja, ujibu kila ujumbe, hata ule wa kipuuzi, uone.

Yule mwenzangu wa stendi ya mabasi aliondoka, ana kliniki yake sasa. Nasikia ameweka programu ileile. Sijampigia simu kumuuliza ana vitufe vingapi, ingawa natamani.

Kesho asubuhi kabla ya wagonjwa, kaa kwenye stuli yako, washa mashine ya kuchonga, tanua picha ya eksirei skrini nzima, mwambie mtu wa mapokezi akutumie ujumbe wakati asioutaja. Kisha niandikie uliuona baada ya muda gani.