Kompyuta inajizima ghafla? Pima joto kabla hujapiga Windows upya

Kompyuta yangu ya mezani ilishika tabia ya kujizima yenyewe, na siyo ile ya kuganda au kuleta skrini ya bluu, hapana, inakata tu ghafla, skrini nyeusi na feni kimya, alafu ukiiwasha hapohapo inadumu dakika chache inakata tena, ila ukiiacha ipoe kwanza inawaka vizuri kabisa. Kila niliyemuuliza jibu lilikua moja, piga Windows upya. Sijui kwa nini hilo ndo limekua dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta, wakati dalili zenyewe zilishasema.

Angalia inakata wakati gani. Joto lina mpangilio wake, linakuja na kazi nzito, yaani unahariri video au unacheza gemu, linapanda taratibu mpaka mashine inajizima ili prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, isiungue, na kabla ya hapo mara nyingi utaona imekua nzito maana prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili ipoe. RAM mbovu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, haina ratiba, inaweza kukuangusha hata ukiwa unaandika barua, tena kwa skrini ya bluu yenye makosa tofauti kila mara. Pawa saplai iliyochoka, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, hua inakata palepale mzigo unapopanda hata kama mashine ndo kwanza imewashwa na bado ni baridi. Ukienda Event Viewer ya Windows, pale inapoandika matukio ya mashine, utakuta ujumbe wa Kernel-Power 41, na hapo wengi wanakimbilia kununua pawa saplai mpya, lakini ule ujumbe unasema tu kwamba mashine ilizima bila kufuata utaratibu, sababu haijui.

Kwa hiyo pima. Programu za kusoma joto kama HWMonitor au Core Temp zinatosha, kwenye Linux kuna lm-sensors, ila mimi napenda HWiNFO kwa sababu inaweza kuandika joto kwenye faili sekunde baada ya sekunde, na hii ni muhimu maana mashine ikikata namba zote zinapotea na skrini, lakini faili linabaki, unafungua unasoma mistari ya mwisho. Prosesa ikiwa imetulia nyuzi 35 mpaka 50 ni kawaida, kwenye kazi nzito 70 hadi 85 usiogope. Prosesa nyingi za Intel kikomo chao ni nyuzi 100, Ryzen 7000 nyingi za AMD ni 95, na yangu ilikua inagusa kikomo muda mfupi tu baada ya kuanza kazi. Usipime kwa kuingia BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijawaka, ukaridhika, kule kazi haifanyiki. Pima na kadi ya grafiki pia, yenyewe ina feni zake na vumbi lake.

Ukitaka uhakika wa haraka, toa kava la pembeni, elekeza feni ya nyumbani ndani, fanya kazi ileile. Ikidumu muda mrefu zaidi basi mchawi umeshampata.

Sasa vumbi. Feni ya prosesa kwa juu ilikua safi, ningeishia hapo ningesema haina shida, lakini nilipoifungua nikakuta chini yake, kati ya feni na mapezi ya chuma, vumbi limeshikana limekua kama godoro dogo, hewa haipiti kabisa, feni inazunguka kwa nguvu zote na haifanyi kitu. Ukisafisha zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi, alafu tumia brashi laini na blowa, ila shika mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na upepo maana yakienda kasi kupita uwezo wake beringi zinakufa. Fanyia nje, utanishukuru.

Kama vumbi limetoka na joto bado, angalia pesti, ile dawa ya kupitisha joto iliyopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Yangu ilikua imekauka inavunjikavunjika kama chaki. Unaifuta yote kwa spiriti ya isopropili, unaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, unarudisha chuma na kukaza skrubu kwa kupishanisha kona. Wenye prosesa za AMD za soketi AM4 (soketi ni kile kitako prosesa inapokaa) muwe makini, washa mashine kwanza ipate joto pesti ilainike, zima, chomoa, alafu zungusha chuma kidogo kushoto kulia kabla ya kuinua, la sivyo prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zikapinda, na kunyoosha pini ni kazi ya kulia.

Ukiwa humo ndani hakikisha feni zinapuliza upande unaotakiwa, za mbele ziingize hewa na ya nyuma itoe. Upande wenye vile vishikio vya mota ndo hewa inakotokea. Na kesi isogeze kutoka ukutani jamani, mtu anaibana kwenye kabati alafu anashangaa.

Pawa saplai usiifungue hata kama unaona vumbi ndani, ina kapasita zinazobaki na umeme hatari hata ukiwa umechomoa waya, pulizia kwa nje tu inatosha.

Yangu sasa hivi kwenye kazi nzito inacheza kwenye sabini na kitu na haijakata. Yako ikiwa namba ziko chini ya 80 kote, prosesa na kadi ya grafiki, na bado inajizima, achana na vumbi, azima pawa saplai ya mtu ujaribu, alafu toa RAM uwashe na moja moja.