Mkasi na masika: maswali yenu kuhusu bonsai, miti inayolelewa midogo chunguni

Nina mkwaju kwenye chungu, mwaka wa tatu sasa. Juu umesitawi vizuri, lakini matawi ya chini yamekonda na mawili yamekauka. Nakosea wapi? (Makorora, Tanga)

Dada yangu, tatizo si maji wala mbolea. Unauonea huruma upande wa juu. Ncha ya mti hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka na kuyalaza macho, yaani vichomozo vya chipukizi, yaliyo chini yake yasichipue. Ndiyo maana mkwaju wa porini hukimbilia juani. Kwenye chungu, mbio hizohizo huyaua matawi ya chini: kwanza yananyimwa nguvu, halafu yanafunikwa na kivuli. Ukiikata ncha, macho yaliyolala huamka.

Kwa hiyo juu kata kwa ukali, chini kata kwa upole. Chipukizi la juu likifikisha majani 6 hadi 8, lirudishe mpaka yabaki 2. Yale matawi ya chini yaliyokonda usiyaguse kabisa, hata yakichomoza kama fimbo na kuharibu umbo. Tawi hunenepa kwa kuachwa lirefuke na kubeba majani mengi. Tawi la kwanza la mkwaju wangu nililiacha misimu miwili bila kulitia mkasi. Wageni walikuwa wakiuliza mbona mti una mkono mmoja mrefu, lakini leo ndilo tawi zuri kuliko yote.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: kabla ya kukata, tazama jani lililo chini ya mkasi limeelekea wapi. Chipukizi jipya litatoka kwapani mwa jani hilo na litafuata upande huohuo. Jani likitazama nje, tawi litakwenda nje. Likitazama shina, utapata matawi yanayopishana ndani kwa ndani, na mwakani utayakata yote. Mimi huuzunguka mti mzima nikiwa na mkasi mfukoni kabla ya kukata chochote.

Kitabu changu kinasema nipogoe mwishoni mwa majira ya baridi. Huku kwetu ni lini?

Kitabu chako kinazungumzia miti inayopukutisha majani na kulala wakati wa theluji, kama ile ya Japani. Mkwaju wa Tanga haulali usingizi huo, na kalenda yake ni mvua. Kazi kubwa, yaani kukata shina au tawi nene na kupunguza mizizi, ifanye Machi, joto likiwa bado lipo na masika yanakaribia, au Oktoba kabla ya vuli. Mti wenye nguvu ya kuchipua huanza kufunga kidonda mapema. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na usiku kupoa, mimi hupunguza vichipukizi tu.

Mizizi usiondoe zaidi ya theluthi moja, kisha weka chungu kivulini wiki mbili au tatu. Na tafadhali, mchanga wa ufukweni usiutie chunguni, una chumvi. Tafuta mchanga wa mto ulio na chembe kubwa, uuchekeche na kuuosha.

Nilifunga waya wa shaba kwenye bogonvilia. Sasa umezama ndani ya gome. Niuvute?

Usiuvute, wala usiuzungushe kinyume, utalichuna gome. Ukate kwa koleo kila mzunguko, kisha toa kipande kimoja kimoja. Kovu litafifia kadiri tawi linavyonenepa, ingawa ni kazi ya miaka.

Safari nyingine chagua waya wenye unene wa kama theluthi ya tawi, uuzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, na uukague kila wiki. Kwa joto letu tawi hunenepa upesi na waya huuma kabla hujajua. Tawi la bogonvilia lililokomaa huvunjika, hivyo lipinde likiwa bado bichi. Mimi napendelea kamba ya katani: funga tawi, livute chini taratibu, kaza kwenye ukingo wa chungu. Kamba hugusa sehemu moja tu, nawe chini yake unaweka kipande cha mpira wa baiskeli. Mkonge ulifika pwani yetu mwaka 1893, kamba hatukosi.

Mama mkwe anasema huku ni kuutesa mti. Nimjibu nini?

Mpe heshima yake, kisha msimulie habari ya msonobari mmoja wa Japani ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu la atomiki lilipoanguka mwaka 1945, ukapona. Mwaka 1976 Wajapani waliutoa zawadi kwa Marekani, na sasa unatunzwa Washington. Mti unaoteswa hauishi karne nne. Halafu mwonyeshe mkwaju wako ukichipua baada ya kukatwa.

Naweza kung'oa mkoko mdogo ufukweni niutengeneze bonsai?

Hapana, kaka. Mikoko yetu ni msitu wa hifadhi, haiguswi bila kibali. Nenda Raskazone utazame miti iliyopindishwa na upepo wa bahari, uchore umbo lake kwenye daftari, urudi nyumbani. Kokwa za ukwaju zilizobaki jikoni zioshe, uziloweke usiku kucha, uzipande kina cha pingili moja ya kidole. Ndani ya wiki mbili hivi utakuwa na miche.