Wanasahau au hawakufundishwa? Majibu kwa wanaofundisha kazini

Makeshia wetu walikaa kwenye semina siku nzima: kufuta muamala uliokosewa, kupokea bidhaa iliyorudishwa, kufunga droo jioni. Jaribio la saa kumi walifaulu wote. Wiki mbili baadaye makosa ni yale yale. Tuirudie semina?
*Meneja wa supamaketi, Dodoma*

Msiirudie. Jaribio la saa kumi lilipima kilichoingia mchana ule, halikupima kitakachokuwepo keshia akiwa peke yake na foleni imefika mlangoni. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu mwingi hutokea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi yake hupungua. Taratibu za kaunta zina maana kuliko silabi zile, kwa hiyo hazitoweki upesi kiasi hicho, lakini mwelekeo ni huo huo.

Zigaweni zile saa za semina. Fundisheni jambo moja kwa dakika 40 kabla duka halijafunguliwa. Kesho yake tumieni dakika 5 tu: keshia apewe risiti iliyokosewa, airekebishe kwenye mashine ya mazoezi, bila kuelekezwa na bila kuangalia karatasi. Rudieni baada ya siku 3, kisha wiki moja, kisha wiki 3. Kinachojenga kumbukumbu ni kule kulitafuta jibu kichwani. Katika jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006, wanafunzi waliosoma matini na kuirudia waliongoza walipopimwa baada ya dakika 5; baada ya wiki, waliongoza wale ambao badala ya kusoma tena walijipima. Semina yenu ilipimwa kwenye zile dakika 5.

Mpango huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Msimamizi hukosa subira na kutaja jibu keshia akiwa bado anafikiri. Au maswali yanakuwa ya ndiyo na hapana, ambayo hata aliyelala atapata nusu. Baya zaidi ni alama kuingizwa kwenye faili la tathmini: hapo watu wataanza kunong'onezeana majibu, nanyi hamtajua tena nani anajua. Jiandaeni pia kwa manung'uniko. Alan Baddeley na mwenzake Longman, katika utafiti wa mwaka 1978, waliwafundisha wafanyakazi wa posta Uingereza kutumia kibodi. Waliojifunza saa 1 kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliojifunza saa 4 kwa siku, lakini hawakuifurahia ratiba yao, maana iliwachukua siku nyingi zaidi. Waelezeni makeshia jambo hili kabla hamjaanza.

Mshauri anatuuzia dodoso la kuwagawa wafanyakazi: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda. Tununue?
*Afisa rasilimali watu, Nairobi*

Hapana. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti za madai haya na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa "mtindo" wake. Njia iamuliwe na kazi yenyewe: maziwa yaliyochacha hutambuliwa kwa pua, hata na yule dodoso lililomwandika kuwa mtu wa kusikia. Pesa hizo nunulieni vifaa vya mazoezi.

Ninafundisha wahudumu wapya kusafisha bafu za wageni. Nawaonyesha kila kitu, wanaitikia, wakiingia peke yao wanaruka hatua.
*Msimamizi wa vyumba hotelini, Diani*

Dada, "kila kitu" ndilo tatizo. Makadirio ya mwanasaikolojia Nelson Cowan ya mwaka 2001 ni kwamba akili hushika takriban vitu 4 vipya kwa wakati mmoja. Bafu lenye hatua 15 ligawe mafungu manne: choo, beseni na kioo, sehemu ya kuogea, sakafu. Maliza fungu moja ndipo uende jingine.

Kwa kila fungu tumia hatua nne zilizoenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mpango wa TWI (Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda), viwanda vilipojaa wafanyakazi wapya: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, ajaribu, mfuatilie. Wengi huishia ya pili. Unapoonyesha, taja hatua, jambo la kuangalia, na sababu yake. Jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini. Dawa ya kuua vijidudu isifutwe papo hapo, kwa sababu inahitaji dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Sababu ndiyo inayoizuia hatua isirukwe chumba kinapotakiwa haraka.

Anapojaribu, aifanye kazi huku akikueleza sababu. Akinyamaza mahali, hapo hajui. Kuitikia "sawa" si kipimo. Mgeni kazini huitikia kwa adabu.

Mzee wetu wa stoo ana umri wa miaka 56 na anaijua bidhaa kuliko sote. Tumeleta programu ya kompyuta, naye anasema umri umepita. Kijana wa IT amemfundisha mara kadhaa bila mafanikio.
*Mhasibu, Tanga*

Umri si hoja kubwa hapa; imani yake kwamba anaweza ndiyo iliyoyumba. Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanikiwa mwenyewe, kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, kutiwa moyo, na hali ya mwili, kama moyo kwenda mbio. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na huenda kijana wenu amemnyima kwa kushika kipanya mwenyewe.

Kipanya kiwe mkononi mwa mzee; mkufunzi aelekeze kwa maneno, faragha, si mbele ya vijana wa stoo. Tumieni nakala ya mazoezi, asiogope kuharibu hesabu halisi. Aanze na kazi moja anayoijua, kupokea mzigo, na bidhaa 3 tu. Kama tawi jingine lina mtunza stoo wa rika lake anayeiweza programu, mwalikeni aje afanye mbele yake. Daftari lake la zamani liendelee sambamba kwa wiki 2, na tarehe ya kulifunga ajulishwe tangu siku ya kwanza.