Kwa wewe unayeanza kliniki ya presha

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mkali. Mashine ikisoma 170/100, swali lilikuwa moja: "Umeacha dawa, siyo?" Wengi waliinamisha kichwa wakachukua cheti chao. Wengine sikuwaona tena. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba baadhi ya zile namba nilizitengeneza mwenyewe.

Mtu katembea mwendo mrefu, kapanga foleni, kabanwa na mkojo, halafu unamfunga kitambaa cha mashine juu ya shati huku ukimuuliza habari za watoto. Hiyo siyo presha yake. Mwache apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na nyote mnyamaze. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo dai kikubwa hata mkuu wa zamu akinung'unika. Kisha rudia kipimo.

Kosa jingine halina kelele: "Endelea na dawa zilezile." Nimewahi kushika kadi ya mahudhurio sita, yote juu ya 150, dozi haijaguswa. Sita! Na hapo mgonjwa ndiye aliyeitwa msumbufu. Wengi huhitaji dawa za aina mbili au zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka mgonjwa aonwe kila mwezi baada ya kuanza au kubadilishiwa dawa hadi afikie lengo, ambalo kwa wengi ni chini ya 140/90, ndipo apewe miadi ya kila miezi 3 hadi 6. Shirika hilohilo linakadiria kwamba kati ya watu wazima watano wenye presha, ni mmoja hivi tu ambaye yake imedhibitiwa, na wengi wa wenye presha wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukitazama benchi lako asubuhi, utaamini.

Usiulize "Unameza dawa?" Jibu ni ndiyo, daima. Uliza, "Wiki iliyopita vidonge vilikupita siku ngapi?" Hapo utasikia mengi: enalapril inamkohoza usiku kucha, amlodipine imemvimbisha miguu, au anameza siku kichwa kikiuma tu, maana siku nyingine hasikii chochote. Dawa inayomsumbua ibadilishwe. Uliza pia za maumivu. Diclofenac ya mgongo inayomezwa kila siku hupandisha presha, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Stoo ikiishiwa, usiandike "akanunue" ukaita anayefuata. Muulize anamudu vya siku ngapi, wewe na mfamasia mtafute dawa mbadala iliyopo, na uandike kwenye kadi kwamba alikosa dawa, ili atakayempima mwezi ujao asianze na lile swali langu.