Kiendelezi nilichokiondoa kimerudi, na Chrome inanipeleka nisikotaka

Swali: Habari za kazi, fundi. Kwa wiki mbili sasa Chrome yangu imekuwa nzito. Kila nikitafuta kitu, inapita kwanza kwenye ukurasa nisioujua ndipo majibu yatokee, na matangazo yanajitokeza hata kwenye kurasa ambazo hazikuwa nayo. Nina viendelezi 16, yaani zile programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Nilikiondoa kimoja nilichokishuku, kesho yake nikakikuta kimerudi. Rafiki ananishauri niiondoe Chrome yote niisakinishe upya. Nifanye hivyo? Naogopa kupoteza manenosiri yangu.

Jibu: Ndugu yangu, usiiondoe. Ukiiondoa Chrome bila kufuta data zake, folda yenye mipangilio na viendelezi vyako hubaki kwenye kompyuta. Hata ukiifuta hiyo folda, siku utakapoingia tena kwenye akaunti yako usawazishaji, yaani Chrome kunakili mipangilio yako kupitia akaunti, unaweza kukurudishia viendelezi vile vile. Tena ukifagia vyote kwa mkupuo hutajua ni kipi kilichokuwa kikikuchezea, na usipokijua hutajua kilikuwa kikiona nini. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko uzito wa Chrome.

Kwanza hakikisha kwamba kweli ni viendelezi. Fungua dirisha la hali fiche kwa Ctrl, Shift na N, kisha tafuta chochote. Humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa ulivyoviruhusu mwenyewe. Ukurasa ule usioujua ukitoweka, umeanza kupata mwanga, lakini usikate shauri bado, kwa sababu hali fiche huanza pia bila vidakuzi vyako vya zamani, yale mafaili madogo ambayo tovuti huweka kwenye kivinjari ili zikukumbuke. Rudi kwenye dirisha la kawaida, andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, zima viendelezi vyote, funga Chrome uifungue tena. Shida ikiendelea hata vyote vikiwa vimezimwa, angalia kwenye mipangilio ni mtambo gani wa kutafuta umewekwa kuwa chaguomsingi, na ni tovuti zipi umezipa ruhusa ya kukutumia arifa. Matangazo yanayochomoza pembeni mwa skrini mara nyingi ni arifa hizo, wala hazihusiani na kiendelezi.

Shida ikikoma, usiviwashe kimoja kimoja, utachoka. Washa vinane. Ukurasa ule ukirudi, mhusika yumo katika hivyo vinane; usiporudi, zima hivyo uwashe vile vinane vingine ujiridhishe. Kisha gawa kundi lenye shida: vinne, viwili, kimoja. Kwa viendelezi 16 ni hatua nne tu. Ila kila hatua ipe muda na utafute mara kumi au zaidi, maana baadhi ya viendelezi vibaya havikuelekezi kwingine kila mara, vinachagua. Na kama makundi yote mawili ni salama yakiwa peke yake lakini shida inarudi yakiwashwa pamoja, shuku viwili vinavyogombana. Vizuia matangazo viwili ndani ya kivinjari kimoja ni mfano ninaoukuta sana. Kuhusu uzito, bonyeza Shift na Esc. Kama unatumia Windows, Chrome itakuonyesha orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi, na kumbukumbu kinachokula.

Niliwahi kukaa na mteja mwenye shida kama yako. Tulipobakiza viwili, kimoja kilikuwa cha kuweka picha za maua kwenye kichupo kipya, kingine cha kupiga picha ya ukurasa mzima. Yeye alikuwa na hakika kwamba mbaya ni cha maua, kwa sababu ndicho kipya. Tukafungua maelezo ya kila kimoja tukasoma ruhusa zake. Cha maua hakikuwa na zaidi ya kubadilisha kichupo kipya. Cha kupiga picha kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zake zote kwenye tovuti zote. Tulipokizima tukatafuta mara kumi, na mara zote kumi majibu yakaja moja kwa moja. Alikuwa amekitumia miaka mitatu bila tatizo lolote.

Miaka hiyo mitatu haikumkinga, kwa sababu viendelezi hujisasisha vyenyewe, na ukikipa kiendelezi ruhusa leo, anayekimiliki kesho anairithi. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwa kuwa na programu hasidi. Desemba 2024 kiendelezi cha kampuni ya usalama ya Cyberhaven kilitolewa toleo bovu baada ya mfanyakazi kunaswa kwa barua pepe ya ulaghai. Watumiaji wake hawakubofya kitu chochote. Kwa hiyo usimpitishe mtuhumiwa kwa kuwa tu mmezoeana.

Sasa hicho kinachorudi. Kabla ya kukiondoa, fungua maelezo yake unakili zile herufi 32 zinazofuata neno id kwenye sehemu ya anwani. Majina ya viendelezi hufanana, herufi hizo hazifanani, na ndizo za kutafutia kama kimeripotiwa. Kisha zima usawazishaji wa viendelezi kwenye kila kompyuta unayotumia, na ukiondoe kwenye kila mojawapo. Kikirudi tena, au ukikuta hakina kabisa kitufe cha kukiondoa, andika chrome://policy. Kwenye kompyuta yako binafsi, orodha hiyo kwa kawaida huwa tupu. Ukiona ExtensionInstallForcelist, kuna anayekilazimisha kisakinishwe. Kompyuta ikiwa ya kazini, waulize wanaoisimamia. Ikiwa yako, ipo programu iliyoweka sheria hiyo: panga programu za Windows kwa tarehe, tazama zilizoingia wakati shida ilipoanza, ondoa usiyoitambua, kisha chunguza kompyuta yote kwa kinga ya virusi.

Ukishakiondoa, kazi haijaisha, na hapa ndipo nakuomba usilegee. Kiendelezi chenye ruhusa ya tovuti zote kiliweza kusoma ulichoandika, na kikiwa pia na ruhusa ya vidakuzi, kiliweza kuchukua vile vinavyokutambulisha kwamba umeshaingia. Mwenye vidakuzi hivyo anaweza kuingia bila kuulizwa nenosiri wala msimbo wa simu. Anza na barua pepe: ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, ndipo ubadilishe nenosiri. Halafu benki, halafu mitandao ya kijamii. Usianze kabla kivinjari hakijawa safi, la sivyo unamkabidhi nenosiri jipya mtu yule yule.

Wanaotumia Edge waandike edge://extensions. Kwa Firefox ni about:addons, na ukishikilia Shift wakati wa kuifungua itakupa nafasi ya kuianzisha bila viendelezi.

Na manenosiri uliyoyaogopea: ukikwama kabisa, Chrome ina sehemu ya kurejesha mipangilio ya awali ndani ya mipangilio yenyewe. Itazima viendelezi, itafuta vidakuzi, na itarudisha mtambo wa kutafuta wa awali. Alamisho, historia na manenosiri yaliyohifadhiwa haitayagusa.