Mgeni Chumbani na Kicheko Kilichochelewa

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa dada mmoja kutoka Juba, mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Kisumu. "Kaka, nina wiki sita hapa. Wanaonijua kwa jina ni askari wa geti na mama wa chapati." Nilisoma mara tatu. Usingizi uliniruka.

Mwaka wangu wa pili hosteli nililala chumba kimoja na kijana wa Bujumbura. Mpole, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Kila jioni tulijazana humo watu sita, saba, stori za mpira na siasa, zote kwa Kijaluo na Sheng. Yeye yuko kitandani, kitabu wazi, anacheka tukicheka, ila sekunde moja baada yetu. Sekunde hiyo sijaisahau. Kiswahili alikijua vizuri kuliko sisi sote, na hakuna aliyekumbuka kukitumia.

Jumapili moja nikamwomba anisindikize soko la Kibuye kubeba viazi. Tulipofika kwa wauza omena, dagaa wetu wa hapa, alisimama ghafla, akachota kiganjani, akanusa. "Hizi ni ndagala!" Ndivyo kwao wanavyoita dagaa. Mdomo ukafunguka: Ziwa Tanganyika, wavuvi wanaotoka usiku na taa, mama yake na mchuzi wake wa nyanya. Usiku huo alipika yeye, tukala sahani moja. Aliongea kuliko semista nzima.

Kisha mitihani ikaja, nikarudi kwa wenzangu. Semista iliyofuata hakurudi. Sikuwa hata na namba ya kwao. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hivyo wewe mwenyeji, mgeni akiingia, geuza lugha, hata kama sentensi imefika katikati. Ile sherehe ya kukaribisha wageni, soda na hotuba, haitoshi. Mwite kwenye mambo ya kila siku: sokoni, kwa kinyozi, kufua nguo. Usianze kwa kumuuliza vita vya kwao, muulize kwao wanakula nini. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Sudan Kusini 2016, lakini sahihi za marais hazimpi mtu wa kuketi naye mesi. Hiyo kazi ni yetu, na tumeizembea. Tugeuze lugha, jamani!

Nawe mgeni, watu wa kwenu utawahitaji siku ukiugua, ila usijifungie nao. Omba msaada mdogo mdogo. Mtu aliyekuonyesha matatu ya Kondele leo, kesho atakupitaje bila salamu?

Yule dada nilimuunganisha na binamu yangu anayesoma hapo hapo. Jumapili wakaenda Kibuye. Jana nimetumiwa picha: sufuria sakafuni, mikono minne kwenye ugali mmoja. Chini ameandika, "Kaka, omena zenu zina mchanga. Tumemaliza zote."