Mbwa wangu ana mimba ya wiki 5, nampa kalsiamu na nimemzuia mazoezi, niko sawa?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina mbwa jike, hii ndo mimba yake ya kwanza, leo wiki ya 5 tangu apandwe. Nilipojua tu ana mimba nikamwongezea chakula mara mbili, nampa na vidonge vya kalsiamu ili watoto wawe na mifupa mizuri na maziwa yatoke, na mazoezi nimemsimamisha kabisa. Niko sawa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hajazaa. Naanza na hivyo vidonge, acha kumpa leo hii hii. Najua nia yako ni njema ila iko hivi, mbwa ana tezi ndogo shingoni zinazotoa homoni ya kuchota kalsiamu kwenye mifupa pale damu inapopungukiwa, sasa ukimlisha vidonge mimba nzima zile tezi zinalala, halafu maziwa yakianza kutoka kwa wingi kalsiamu inatakiwa haraka na zenyewe haziamki kwa wakati. Hapo ndo unaona anahema sana, hatulii, miguu inakakamaa, anatetemeka, mwisho degedege, na kifo kabisa. Inatokea zaidi ndani ya wiki 4 za mwanzo za kunyonyesha, hasa kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi. Ukiona hizo dalili usisubiri asubuhi, watoe watoto kwenye chuchu umkimbize kwa daktari.

Chakula nacho umewahi mno. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na watoto wanakua kwa kasi zile wiki 3 za mwisho, huku nyuma kote chakula chake cha kila siku kinatosha, kinachozidi kinageuka mafuta na mbwa mnene anapata shida kuzaa. Kwa hiyo punguza taratibu urudi kwenye kiasi chake cha kawaida (usimnyime ghafla, mimba sio wakati wa kumkondesha), halafu kuanzia wiki ya 6 panda kidogo kidogo mpaka akikaribia kuzaa awe anakula robo hadi nusu zaidi ya alivyozoea. Wakati huo mhamishie chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, uchanganye na cha zamani kwa siku kama 7 asije akaharisha, hicho kina nguvu na protini zaidi na kalsiamu yake imeshapimwa. Tumbo likijaa watoto chakula kinakosa nafasi, mgawie milo midogo 3 au 4 kwa siku. Nyama mbichi hapana, na maini yasiwe ya kila siku maana vitamini A ikizidi inaweza kuleta watoto wenye kasoro.

Mazoezi mrudishie jamani! Misuli hiyo hiyo ndo ataitumia kusukuma. Mtembeze kila siku kwa mwendo wake, akianza kubaki nyuma mnarudi. Wiki 3 za mwisho matembezi yawe mafupi, hakuna kuruka wala kukimbizana, na umweke mbali na mbwa wageni kwa sababu ya virusi vya hepesi vinavyoua watoto wachanga.

Ikipita siku ya 55 apigwe eksirei wahesabiwe, ili siku ya kuzaa ujue kama kuna aliyebaki ndani. Akishazaa sasa ndo usimpimie, wiki ya 3 na ya 4 ya kunyonyesha anaweza kula mara 2 hadi 3 ya kawaida yake, ile mara mbili yako ilikuwa ya huko.